Kamera inaweza kuhama: kinachopaswa kubaki katika mwendelezo wa gemu

Kila mwendelezo wa gemu unapotangazwa, swali la kwanza huwa lilelile: kuna nini kipya? Silaha ngapi zimeongezwa, ramani ni kubwa kiasi gani, picha zimeboreshwa vipi. Kazi yangu ni kubuni uchezaji, na mimi huanza na swali jingine. Katika zile sekunde chache zinazojirudia maelfu ya mara tangu mwanzo wa gemu hadi mwisho, mchezaji anaamua nini? Uamuzi huo ndio kiini. Ukibaki, karibu kila kitu kingine kinaweza kubadilika na watu bado wakaitambua gemu yao. Ukiondoka, majina, muziki na wahusika walewale hawataiokoa.

Mfululizo unaoonyesha jambo hili waziwazi kuliko wowote ninaoujua ni Resident Evil, gemu za hofu, kwa sababu umehamisha kamera zaidi ya mara moja.

Gemu ya kwanza, ya mwaka 1996, ilikuwa na kamera zilizotegwa mahali pamoja: pembeni mwa chumba, juu ya ngazi, mwisho wa korido. Mhusika aliendeshwa kama kifaru cha vita. Kushoto na kulia vilimgeuza palepale aliposimama, juu ilimpeleka mbele. Ukiinua bastola, miguu inaganda. Basi kila zombi aliyejitokeza alikuja na swali moja: nisimame nimfyatulie, au nitunze risasi nimpite pembeni? Sheria nyingine zote zilikuwa zinalikaza swali hilo. Risasi zilikuwa chache. Kati ya wahusika wawili wa kuchagua, Chris alikuwa na nafasi sita tu za kubebea vitu, Jill nane. Hata kuhifadhi mchezo kulikula utepe wa wino, nao ulikuwa wa kuhesabu.

Mwaka 2005 ikaja Resident Evil 4, na Shinji Mikami, aliyeongoza ile ya kwanza, ndiye aliyeiongoza. Kamera ikahamia nyuma ya bega la Leon, mhusika mkuu. Zombi wakaondolewa, wakaja wanakijiji wanaokimbia, wanaopigiana kelele na kurusha mashoka. Ukiitazama kwa macho tu utasema ni gemu nyingine kabisa. Lakini bonyeza kitufe cha kulenga: Leon anaganda. Hawezi kusogea hata hatua moja silaha ikiwa juu, na akitaka kugeuka anageuka kama kifaru kilekile cha mwaka 1996. Wangeweza kumruhusu atembee huku akifyatua. Gemu nyingi za kufyatua za wakati huo ziliruhusu. Walichofanya ni kulitajirisha swali la zamani. Kwa kuwa sasa unalenga mwenyewe kwa mwale mwekundu, unachagua kiungo cha kupiga. Adui akipigwa kichwani au mguuni anayumba, nawe unamkimbilia na kumtandika teke linalowaangusha hata waliosimama karibu naye. Umeokoa risasi, lakini umejitia katikati ya kundi.

Kuna jambo dogo hapo ambalo wachezaji wengi hawalioni. Wale wanakijiji huja mbio kutoka mbali, kisha wakikukaribia hupunguza mwendo na kutembea. Wangekimbia hadi wakufikie, kusimama na kulenga kungekuwa kujiua, na kila mtu angekimbia tu. Mwendo wa adui umepimwa kwa kuzingatia miguu ya mchezaji iliyoganda. Ukigusa kimoja bila kingine, mizani yote inaanguka.

Ndicho ninachokiona katika Resident Evil 6 ya mwaka 2012. Mchezaji aliruhusiwa kutembea akifyatua, kuteleza, kubingiria chini, kupigana kwa mikono na miguu kadiri nguvu zinavyoruhusu. Kila nyongeza peke yake inaeleweka. Zikikusanywa, zinalifuta swali: hakuna tena haja ya kuchagua kati ya kusimama na kukimbia wakati vyote viwili vinawezekana kwa pamoja. Kilichobaki ni gemu ya mapigano yenye jina la gemu ya hofu.

Halafu mwaka 2017, Resident Evil 7 ikahamisha kamera mara nyingine, safari hii hadi ndani ya macho ya mhusika. Hakuna badiliko kubwa zaidi la mwonekano katika mfululizo mkuu. Hata hivyo, ukiwa ndani ya nyumba ya familia ya Baker, ukihesabu risasi zako mbele ya mlango uliofungwa, swali la mwaka 1996 limerudi lilivyo. Miaka miwili baadaye, katika uundaji upya wa Resident Evil 2, wabunifu walipata jibu ninaloliheshimu sana. Unaweza kutembea huku umelenga, kama wachezaji wa leo wanavyotarajia. Ila ukitembea, alama ya kulengea inatawanyika. Ukisimama, inajikusanya taratibu, na risasi inayotoka wakati huo inauma zaidi. Miguu imefunguliwa, lakini kusimama kumewekewa thamani. Zombi anakuja, unasubiri alama ijikusanye, na hapo ndipo mikono inapoanza kutetemeka.

Kuna njia ya pili, tulivu zaidi: usiguse anachoweza kufanya mchezaji, badilisha kinachomkabili. Doom II, gemu ya kufyatua ya mwaka 1994, ilitumia injini (programu inayoiendesha gemu) ileile ya Doom ya 1993, mwendo uleule, na iliongeza silaha moja tu, bunduki ya mitutu miwili. Kwa hesabu ya nini kipya, ni aibu. Lakini waliongeza maadui, na maadui wale walibadilisha fikra. Arch-vile huwafufua wenzake waliokwisha kufa, na shambulio lake hukupata ikiwa tu anakuona linapokamilika. Kwa hiyo anapotokea chumbani, mambo mawili yanageuka papo hapo: ni nani wa kuuawa kwanza, na ukuta upi wa kujificha nyuma yake. Pain Elemental naye hutapika mafuvu yanayoruka, kwa hiyo kila sekunde unayomwacha hai inazidisha kazi. Katika Doom ya kwanza unauliza nikwepe wapi. Katika ya pili unauliza nikwepe wapi na nianze na nani. Neno moja limeongezwa kwenye swali, na gemu nzima imekuwa na kina zaidi. Kwa studio yenye muda mfupi na watu wachache, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kabla ya nyingine yoyote.

Tatizo huwa gumu kweli pale kiini chenyewe kinapoonekana kama kasoro. StarCraft, gemu ya mikakati ya vita ya mwaka 1998, ilikuruhusu kuchagua askari 12 tu kwa wakati mmoja, na jengo moja moja. Mfanyakazi mpya alitoka jengoni akasimama hadi umwambie akachimbe. Ukimwonyesha mtu asiyeijua, atasema huu ni uchakavu. Lakini kwa wachezaji wa mashindano, ugumu huo ndio uliozaa uamuzi mkuu wa gemu: macho na mikono yangu nivipeleke wapi sasa hivi, vitani au nyumbani? Kila amri kwa wafanyakazi ilikuwa sekunde iliyoibwa kutoka kwenye mapigano.

StarCraft II ilipotoka mwaka 2010, watengenezaji wake, Blizzard, waliondoa vizuizi hivyo. Ukachagua jeshi zima kwa mkupuo, majengo mengi kwa pamoja, na wafanyakazi wakaenda kuchimba wenyewe. Wangeishia hapo, nyumbani kusingekuwa na kazi yoyote ya kukuita. Kwa hiyo wakaweka kazi mpya kwa kila moja ya jamii tatu za gemu: Terran huita mashine ya MULE kuja kuchimba, malkia wa Zerg hudunga jengo kuu ili litoe mabuu zaidi ya kuzalisha askari, Protoss huharakisha majengo yao. Zote zinakutaka urudi nyumbani mara kwa mara katikati ya vita. Wako wanaoziona kama kazi bandia, na hoja yao ina uzito, maana anayebonyeza kitufe kila baada ya sekunde kadhaa hafanyi uamuzi wa kina. Mimi naona angalau walijua walichokuwa wanakitoa, wakajaribu kukilipia. Na StarCraft ya kwanza ilipotengenezewa sura mpya mwaka 2017, picha zilibadilishwa lakini kikomo cha askari 12 kiliachwa palepale. Waliokuwa bado wanaicheza wasingekubali vinginevyo.

Yanayotokea usipolipia yanaonekana katika gemu za mapigano, Super Smash Bros. Melee ya 2001 na Brawl iliyoifuata mwaka 2008. Melee ilikuwa na mwendo wa kasi na mbinu za vidole ambazo wachezaji walizichimbua kwa miaka. Brawl ilipunguza kasi, ikaondoa mbinu kadhaa kati ya hizo, kisha ikaongeza jambo ambalo hadi leo linanishangaza: ukianza kukimbia, kuna uwezekano mhusika ajikwae na kuanguka, kwa bahati tu. Fikiria maana yake kwa uamuzi. Mchezaji amesoma umbali, ameotea kosa la mpinzani, ameingia, na gemu inamnyang'anya matunda ya fikra zake bila sababu yoyote aliyoweza kuiona. Toleo la 2014 liliondoa kujikwaa. Jumuiya kubwa ya Melee, hata hivyo, haikuhama. Mashindano yake yanaendelea, mengi kwa televisheni za zamani zenye migongo minene, kwa sababu hazicheleweshi picha.

Zelda II ya mwaka 1987 huwa inatajwa kwenye mijadala hii kama mfano wa mwendelezo uliopotea, ukiwa na mapigano ya kutazamwa ubavuni na pointi za uzoefu. Sina mengi ya kusema juu yake. Mfululizo ulirudi kwenye mtazamo wa juu mwaka 1991, na wanaopenda upanga mgumu wana haki ya kuendelea kuitetea.

Kisa cha Portal 2, gemu ya mafumbo ambayo unafungua milango miwili ukutani, ukaingia huu na kutokea ule, kinafundisha zaidi, kwa sababu mabishano yalimalizika kabla gemu haijatoka. Watengenezaji wake, Valve, walianza na wazo lisilo na milango hiyo kabisa. Walilijenga kwenye mbinu nyingine ya mafumbo, na hadithi ya miaka ya nyuma. Waliojaribu walitaka kujua milango iko wapi, na wazo likawekwa kando. Gemu iliyotoka mwaka 2011 ilirudisha milango ikaongeza vimiminika vitatu: cha bluu kinachokurusha, cha machungwa kinachokupa kasi, na cheupe kinachofanya ukuta wowote upokee mlango. Hicho cheupe ndicho ninachokirudia kila ninapozungumza na wabunifu wachanga. Katika gemu ya kwanza, mbunifu ndiye aliyeamua ukuta upi unafaa, na wewe unatafuta. Ukiwa na kimiminika cheupe, kwenye vyumba fulani wewe ndiye unayeamua. Fumbo ni lilelile, mipaka yake imehamia mikononi mwako.

Kwenye Civilization, mfululizo wa gemu za kujenga dola, kuna kanuni mashuhuri: theluthi ya gemu mpya ibaki kama ilivyokuwa, theluthi iboreshwe, theluthi iwe mpya. Kama njia ya kupanga kazi ni nzuri, inazuia studio isivunje kila kitu kwa pupa. Lakini theluthi hazina uzito sawa. Civilization V ya mwaka 2010 iliweka kitengo kimoja cha jeshi kwa kila kigae cha ramani, na vigae vikawa vya pembe sita. Ukiandika kwenye orodha ya mabadiliko, hiyo ni mistari miwili. Mezani, vita vilitoka kwenye kurundika jeshi hadi kwenye kupanga mistari, nani mbele, nani nyuma ya mto, nani anaziba njia ya mlimani. Kompyuta inayocheza upande wa pili nayo ikatakiwa kufikiri kwa namna mpya kabisa, na ilihangaika sana nayo. Kabla ya kuhesabu vipengele, hesabu ni maamuzi mangapi kila kipengele kinayagusa.

Nimeacha Zelda za karibuni hadi mwisho kwa sababu ndizo zinazonifurahisha zaidi kama fundi. Breath of the Wild ya mwaka 2017 ilikuwa na silaha zinazovunjika, na malalamiko yalikuwa mengi. Uamuzi ulikusudiwa uwe wa kutumia ulichonacho na kuokota kingine. Wachezaji wengi waliishia kuuliza: upanga huu mzuri niutumie au niufiche? Wakauficha, wakapigana na marungu.

Njia rahisi ilikuwa kuondoa kuvunjika. Tears of the Kingdom ya mwaka 2023, iliyotumia tena ardhi ileile ya Hyrule na kuongeza anga juu yake na giza chini yake, iliacha silaha ziendelee kuvunjika. Ikaongeza uwezo wa kuunganisha: pembe ya jitu kwenye fimbo, jabali kwenye upanga, uyoga wa moshi kwenye ngao ili ukipigwa wingu likufiche. Nguvu ya silaha sasa inatoka zaidi kwenye kilichounganishwa, na adui uliyemwangusha hivi punde anakuachia pembe. Silaha ikivunjika unapekua mkoba na kujiuliza uunganishe nini na nini kabla yule wa pili hajakufikia. Panga za kuficha zimepungua sana, na hakuna aliyeguswa haki yake ya kulalamika: bado zinavunjika, tena mara nyingi.