Wanunuzi wanne na bei moja: serikali ya Marekani inapima nini katika soko la ng'ombe?

Mjadala wowote kuhusu nyama ya ng'ombe nchini Marekani hautimii bila takwimu moja kutajwa: kampuni nne, yaani Tyson, JBS, Cargill na National Beef, huchinja takriban asilimia 85 ya maksai na mitamba walionenepeshwa. Takwimu hiyo imetokana na kazi ya miaka mingi ya Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, nami sina ugomvi nayo. Nikiwa mchumi wa masoko ya mifugo, ninachokihoji ni matumizi yake, kwa sababu mfugaji hahitaji sana kujua nani amechinja ng'ombe wangapi nchi nzima. Anachotaka kujua ni wanunuzi wangapi watakaogombea ng'ombe wake wiki hii, na bei wanayomtajia imetoka wapi.

Uchunguzi mkubwa wa mwanzo ulikuwa na kazi nyepesi kuliko wa leo. Mwaka 1917 Rais Woodrow Wilson aliiagiza Tume ya Biashara ya Shirikisho izichunguze kampuni tano za kusindika nyama: Swift, Armour, Morris, Wilson na Cudahy. Tume ilikuta kwamba nguvu yao haikuishia machinjioni, kwani walikuwa na umiliki katika viwanja vya kuuzia mifugo, mabehewa ya reli yenye majokofu na maghala ya baridi, hivyo mshindani alilazimika kupita katika milango yao ili afikishe nyama sokoni. Mwaka 1920 kampuni hizo zilikubali mahakamani kuachana na viwanja hivyo, na mwaka 1921 Bunge likapitisha sheria ya kuwasimamia wasindikaji wa nyama na viwanja vya mifugo, ambayo ingali inatumika. Ushahidi wa wakati ule ulikuwa wa kuonyeshwa kwa kidole: behewa hili, kiwanja kile, na mwenyewe ni huyu.

Wimbi la pili la soko kuingia mikononi mwa wachache halikuacha ushahidi wa namna hiyo. Sehemu ya kampuni nne kubwa katika uchinjaji wa maksai na mitamba ilikuwa asilimia 36 mwaka 1980. Kufikia 1990 ilikuwa 72, na katikati ya miaka ya 1990 ilikwisha kuvuka 80. Wachumi wa Wizara waliopekua kumbukumbu za viwanda walieleza kwamba kiwanda kikubwa, kinachochinja maelfu kwa siku na kukata nyama na kuifunga katika maboksi palepale, hutumia gharama ndogo zaidi kwa kila ng'ombe. Maelezo hayo nayakubali, ila yanatueleza kwa nini viwanda vilikua, na si unafuu huo uliingia mfuko wa nani.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni namna bei inavyopatikana. Anayepeleka ng'ombe mnada wa Pugu, Dar es Salaam, hupatana na mnunuzi huku mifugo ikiwa mbele yao. Mnenepeshaji wa Texas, kwa kawaida, huuza kwa fomula: ng'ombe huondoka shambani, kisha bei hukokotolewa kutokana na wastani ulioripotiwa wiki iliyotangulia wa ng'ombe waliouzwa kwa mapatano, ikiongezwa au kupunguzwa kwa kufuata daraja la nyama. Katika eneo la Texas, Oklahoma na New Mexico, ng'ombe wanaouzwa kwa mapatano walishuka hadi chini ya asilimia 10 katika muongo wa 2010. Maana yake ni kwamba mauzo machache ndiyo yanayopangia bei mauzo mengi, na wanaonunua hao wachache ndio haohao watakaolipa kwa fomula.

Sheria ya mwaka 1999, iliyoanza kutekelezwa Aprili 2001, inawalazimu wasindikaji wakubwa kuripoti bei kwa Wizara. Hata hivyo, ili kulinda siri za biashara, Wizara huchapisha bei pale tu watoa taarifa wanapokuwa wa kutosha na hakuna mmoja anayetawala takwimu. Ndiyo maana bei za Colorado, jimbo lenye wanunuzi wachache mno, mara nyingi hazichapishwi. Kwa maneno mengine, pale ushindani unapokuwa hafifu kuliko kwingine, ndipo taarifa zinapokosekana, na mtafiti wa nje hubaki mikono mitupu.

Bunge lilitenga dola milioni 4.5 kwa uchunguzi wa mikataba hii ya kuuziana kwa fomula, na ripoti ya taasisi ya utafiti ya RTI International ikatoka mwaka 2007. Ilihitimisha kwamba kuzuia mikataba kungewaumiza wafugaji na walaji pia. Nauheshimu utafiti huo, lakini ulipima faida ya mikataba ndani ya soko lililokwisha kukamatwa na wachache. Agosti 2019 kiwanda cha Tyson cha Holcomb, Kansas, kilipoungua, bei ya ng'ombe ilishuka na ya nyama ya jumla ikapanda. Ripoti ya Wizara ya Julai 2020 ilieleza pengo hilo kati ya bei ya ng'ombe na ya nyama bila kuamua kama sheria ilivunjwa.

Hatua niliyoiona kuwa na maana zaidi ni hifadhi ya mikataba ya ng'ombe ya Wizara, iliyoanza kwa majaribio Januari 2023. Katika majaribio hayo, aliyechinja angalau asilimia 5 ya ng'ombe walionenepeshwa nchini alitakiwa kuwasilisha masharti ya mikataba yake. Humo ndimo ningeanzia kutafuta, kwenye kipengele kimoja tu: bei ya msingi ya kila fomula imechukuliwa kutoka eneo gani, na ng'ombe wangapi waliouzwa huko kwa mapatano wiki hiyo.