Je, wajua kwa nini rafiki aliye mbali anaweza kukutoa kitandani ukakimbie?

Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini kuna watu Dar es Salaam wanaoamka alfajiri kwenda kukimbia kwa sababu ya mwenzao aliyeko Muscat, London au Toronto. Hawaonani barabarani. Dar ikiwa saa kumi na mbili asubuhi, London bado ni usiku wa manane, na Toronto hata jana haijaisha. Mmoja akimaliza anatuma kilomita zake kwenye kikundi cha WhatsApp, mwingine anazikuta atakaposhika simu. Ni hayo tu. Kwa nini kitu kidogo namna hiyo kina nguvu ya kumwamsha mtu?

Kulijibu swali hili ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Rafiki yako akikimbia, nawe ukakimbia, huenda hakuna aliyemvuta mwenzake. Ndege wafananao huruka pamoja, na wapenda mazoezi hutafutana. Mwaka 2017 watafiti Sinan Aral na Christos Nicolaides wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha namna walivyolifungua fundo hilo, na ufunguo wao ulikuwa hali ya hewa. Walikuwa na kumbukumbu za miaka 5 za wakimbiaji wapatao milioni 1.1, waliopima mbio zao kwa vifaa vya kielektroniki na kuonyeshana matokeo mtandaoni. Mvua ikinyesha katika mji fulani, watu wa huko hupunguza kukimbia; kukikauka na kupoa, huongeza. Sasa, mvua ya mji wa rafiki haikulowanishi wewe uliye mji mwingine. Ikiwa hali nzuri ya huko inawatoa wenyeji nje, na siku hiyo hiyo marafiki zao wa mbali nao wanaongeza mbio ingawa kwao anga halijabadilika, basi kilichowatoa ni marafiki zao.

Na kiasi chake kilipimika. Kilomita 1 ya ziada kwa marafiki ilimwongezea mtu kama mita 300 siku hiyo hiyo. Dakika 10 za ziada zilizaa dakika 3. Mtu anaweza kusema mita 300 si kitu, lakini anayejitahidi kukimbia kila siku anajua kwamba vita yake yote iko kwenye mita 300 za kwanza, kutoka kitandani hadi kona ya mtaa.

Kilichonigusa zaidi katika utafiti ule ni nani anamvuta nani. Wanaokimbia kidogo ndio waliowavuta wanaokimbia sana, na si kinyume chake. Inaelekea mwenye nguvu akisikia vishindo nyuma yake huongeza hatua ili asipitwe, ilhali mwanzaji akiona mwenzake amekimbia kilomita 15 anaziona za dunia nyingine. Jinsia nayo ilikuwa na nafasi yake: wanaume walivutwa na wanaume na wanawake, lakini wanawake walivutwa na wanawake wenzao tu. Kwa hiyo, ndugu yangu unayeona haya kutuma kilomita zako 2 kwenye kikundi kilichojaa wakimbiaji wa marathoni, zitume. Huenda wewe ndiye unayewasukuma.

Je, mnyonge naye atavutwaje? Kwake kuonyeshwa namba hakutoshi. Anahitaji ahadi ya pamoja. Miaka ya 1920 mwanasaikolojia Mjerumani Otto Köhler aliwapima wapiga makasia wa Berlin kwa kuwapa uzito wa kunyanyua, mmoja mmoja kisha wawili wawili, kwa namna ambayo mmoja akichoka wote wawili wameishia hapo. Yule dhaifu wa jozi alidumu zaidi ya alivyodumu peke yake. Mwaka 2012 Deborah Feltz wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan na wenzake walichapisha jaribio la aina hiyo kwa baiskeli za mazoezi. Wanawake walioshiriki waliambiwa wana mwenza anayewazidi nguvu kiasi, yuko chumba kingine, na wanamwona kwenye skrini tu. Walipoambiwa pia kwamba wa kwanza kuacha ndiye atakayeamua matokeo ya wote wawili, walikanyaga pedali karibu mara mbili ya muda wa waliokuwa peke yao. Mwenza huyo alikuwa video iliyorekodiwa! Ilitosha kuamini kwamba kuna mtu anayekutegemea.

Ndiyo maana naona makubaliano ya aina hii ni bora kuliko kushangiliana kwa vidole gumba: wiki hii inahesabiwa ikiwa sote tumekimbia siku tulizopanga, kila mtu kwa umbali wake.

Kazi ya rafiki huyo ni kukushika mkono hadi mazoea yashike yenyewe, na hapo panahitaji subira. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuata watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Katika matokeo yao ya mwaka 2010, muda wa kati ulikuwa siku 66, lakini watu walitofautiana kutoka siku 18 hadi 254, na mazoezi ya mwili yalichukua muda mrefu kuliko kunywa maji. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakuvunji mazoea yanayojengeka. Jambo hili lapaswa kuwa la kwanza kuambiwa aliyekosa jana: hujaanza upya, endelea leo.

Nasisitiza kwa sababu hesabu ya siku mfululizo ina hatari yake. Mwingereza Ron Hill, mshindi wa marathoni ya Boston mwaka 1970, alikimbia walau maili moja kila siku kuanzia Desemba 1964 hadi Januari 2017, zaidi ya miaka 52. Hata alipovunjika mfupa wa kifua katika ajali ya gari hakuacha. Aliacha alipopata maumivu ya kifua akiwa anakimbia. Namheshimu sana, lakini goti linalouma au homa ya malaria haijui kikundi chako. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba kupumzika nako kunaripotiwa, na kunapokelewa kwa heshima ile ile.

Kuna kitu kimoja ambacho rafiki wa mbali hawezi kukupa. Mwaka 2010 watafiti wa Oxford waligundua kwamba wapiga makasia wakifanya mazoezi kwa mwendo mmoja, uvumilivu wao wa maumivu hupanda kuliko wakifanya kazi ile ile kila mtu peke yake. Wakaona ni dalili ya endofini, kemikali za mwili zinazopunguza maumivu. Waliowahi kukimbia mchakamchaka wakiimba na kukanyaga pamoja wanaujua utamu huo. Kama mtaani kwako kuna klabu ya joging, usiiache.

Lakini klabu ya mtaani ina udhaifu ambao marafiki wa mbali hawana: mvua ikinyesha, inawanyeshea wote. Dar ina masika kuanzia Machi hadi Mei. Muscat jua la Juni na Julai hupandisha joto juu ya nyuzi 40. Toronto barafu hutanda njiani Januari na Februari. Misimu mibaya ya miji hiyo mitatu haigongani, kwa hiyo karibu kila mwezi kuna mmoja wenu ambaye njia yake iko wazi, na kilomita zake zinawafikia waliofungiwa ndani. Ukichagua wa kukimbia nao, tafuta walio chini ya mawingu tofauti.