Maoni yasiyopendwa: maana yake kwa wapenzi wa kalamu za wino

Mtu akianza na "najua hamtakubaliana nami, lakini…", na wote waliomzunguka wana madoa ya wino vidoleni, mara nyingi kinachofuata ni kwamba nibu ya dhahabu, yaani ile ncha ya kuandikia, haiandiki vizuri kuliko ya chuma. Maneno yale ya mwanzo ni hodi. Anayebisha anajua kwamba waliomo ndani wana mawazo mamoja, na habari aliyoibeba haitawafurahisha. Kauli inayokuja baada ya hodi hiyo ndiyo huitwa maoni yasiyopendwa.

Kwa maneno ya moja kwa moja, ni msimamo ambao mtu anaushikilia kwa dhati huku akijua kwamba wengi katika kundi lake wanaamini kinyume. Hilo neno "kundi" lisipitwe haraka. Hakuna maoni yasiyopendwa yanayoelea hewani. Lazima yawe na watu wasioyapenda. Chukua Montblanc Meisterstück 149, ile kalamu nene nyeusi iliyoanza kuuzwa mwaka 1952, yenye nyota nyeupe kifunikoni na namba 4810 iliyochongwa kwenye nibu, ambayo ni urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita kama ulivyohesabiwa zamani. Kwa mtu asiyejua kalamu, kusema kwamba hiyo ni kalamu bora ni kusema jambo la wazi. Ukisema hivyo mbele ya wapenzi wa kalamu, wengi watakwambia umenunua jina, na kwamba kuna kalamu za bei ya chini sana zinazoandika sawa nayo. Huko ndani, anayeisifu 149 ndiye anayehitaji kubisha hodi. Kalamu ni ileile na sifa ni zilezile, waliobadilika ni wasikilizaji.

Na kundi lenyewe ni dogo. Tangu László Bíró alipopata hataza yake mwaka 1938, kalamu yenye kigololi nchani, ile wengi tunayoiita biki, imechukua karibu kazi yote ya kuandika duniani. Kwa hiyo mtu anayebeba kalamu ya wino tayari yuko upande wa wachache. Nafikiri hiyo ndiyo sababu ubishi wa ndani huwa mkali: watu waliojitenga na wengi kwa hiari yao hujenga imani zao upya, na imani zilizojengwa upya hulindwa sana.

Kabla sijaendelea, kwa asiyeijua kalamu hii: nibu ni kile kipande cha metali kilichochongoka, chenye mpasuo katikati unaokigawa kuwa meno mawili. Wino hutoka kwenye hifadhi ndani ya mwili wa kalamu, hupita katika vifereji vyembamba vilivyokatwa kwenye kipande kilicho chini ya nibu, kisha hushuka kwenye mpasuo hadi kwenye karatasi. Hewa nayo huingia kuziba nafasi ya wino uliotoka. Lewis Waterman alipata hataza ya mfumo wake wa kupitisha wino huko Marekani mwaka 1884, na kanuni hiyo bado ndiyo inayotuandikia. Huhitaji kukandamiza. Uzito wa kalamu yenyewe unatosha.

Sasa turudi kwenye dhahabu, maana hapo dhana hii inaonekana wazi kuliko mahali pengine popote.

Imani ya wengi ni kwamba mtu huanza na nibu ya chuma, halafu siku moja "hupanda" hadi dhahabu, na tangu hapo mkono haukubali tena kurudi. Neno kupanda linabeba imani nzima. Asiyeikubali anapaswa kulijibu, na majibu yake yanaanzia kwenye kemia. Wino wa zamani, hasa ule uliopikwa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni na chumvi ya chuma, una asidi. Chuma cha wakati ule kililika, dhahabu haikuguswa. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya dhahabu kuingia kwenye kalamu. Ila dhahabu ni laini na ingesagika upesi kwenye karatasi, hivyo nchani ikabandikwa kitone cha aloi ngumu ya metali za jamii ya platinamu, kama iridi na osmi. Kitone hicho ndicho kinachogusa karatasi, na nibu nzuri ya chuma cha pua nayo hubandikwa kitone cha namna hiyo. Dhahabu yenyewe haigusi karatasi hata siku moja. Namba 585 iliyochongwa juu ya nibu inakwambia kwamba sehemu 585 kati ya 1,000 ni dhahabu, yaani karati 14. Namba 750 ni karati 18. Hakuna namba inayokwambia kitone kimesuguliwa vipi.

Wanaoitetea dhahabu husema ulaini wa ncha si hoja yao, wao wanatafuta ule mnepo, ile hali ya nibu kupokea mkono kidogo na kurudi. Ni jibu la haki, maana nibu za namna hiyo zipo na nimeandika nazo kwa furaha. Lakini mnepo hutegemea sana umbo na unene wa nibu. Parker 51, iliyotoka mwaka 1941, ina nibu ya dhahabu ya karati 14 iliyofunikwa karibu yote, ikaachwa ncha tu ichungulie, na ni ngumu kama msumari. Watu wameipenda kwa miongo mingi hivyohivyo, bila kunepa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa wa kupanda. Niliinunua kalamu yangu ya kwanza ya dhahabu baada ya kuweka akiba muda mrefu, nikaijaza wino wa bluu, nikaandika mstari wa kwanza. Ilikwaruza. Kila nilipovuta mstari kwenda kulia ilisikika kama ukucha juu ya karatasi, na kwenda kushoto ilikuwa kimya. Kwa wiki kadhaa nilijilazimisha kuamini kwamba mkono wangu ndio haujazoea. Kisha nikachukua lenzi ya kukuzia, nikaielekeza nibu kwenye dirisha, nikaona: jino moja limepanda juu ya jenzake, tofauti ndogo kuliko unene wa unywele. Nikaliweka jino lile la juu kwenye ukucha wa kidole gumba, nikalisukuma chini kidogo sana, nikaangalia tena, nikasukuma tena. Mara ya tatu meno yakalingana. Nikaandika mstari uleule na kalamu ikateleza. Dhahabu ilikuwa ileile ya jana. Kilichobadilika ni mlingano wa meno, jambo ambalo nibu ya chuma iliyosimamiwa vizuri kiwandani huja nalo tangu mwanzo. Tangu siku ile nimekuwa miongoni mwa wanaobisha hodi.

Nimeieleza kwa urefu kwa sababu inatenganisha vitu viwili vinavyochanganywa. "Sipendi rangi ya zambarau" ni upendeleo, na hakuna wa kukupinga. "Kuwa ya dhahabu peke yake hakuifanyi nibu iandike vizuri" ni maoni: yana sababu, mtu anaweza kuyapima kwa lenzi na karatasi, na anaweza kukuonyesha umekosea. Maoni yasiyopendwa yenye thamani kwangu ni ya aina hiyo ya pili. Na kuna aina ya tatu, ambayo siihesabu kabisa: dharau inayovaa jina hili. Anayesema "najua hamtapenda, ila wanaonunua kalamu ghali ni wajinga" hajatoa maoni kuhusu kalamu. Ametukana watu na kutafuta kinga ya maneno.

Upande wa wino, mkumbo wa sasa ni rangi zenye vituko. Kuna wino wa kumetameta, wenye chembe ndogo zinazong'aa ambazo huzama chini ya chupa hadi utikise. Kuna ule ambao rangi yake hukauka juu ya karatasi na kutoa mng'ao wa rangi nyingine, bluu ikawa na wekundu juu yake. Asiyefuata mkumbo anasema: nipe bluu ya kawaida. Nami nasimama naye, kwa sababu nilishawahi kusafisha kalamu iliyokaa na wino wa kumetameta. Nilivuta maji safi na kuyatema mara arobaini hivi, na bado chembe za fedha zilikuwa zimenasa katika vifereji kama mchanga kwenye wavu. Wino wa mng'ao nao huchelewa kukauka, na ukiupitishia kiganja hata siku ya pili unaweza kuchafuka. Ni mzuri kutazama, sikatai. Kwa barua moja, ndiyo. Kwa kazi ya kila siku, hapana.

Karatasi inafuata njia hiyohiyo. Tomoe River ya Japani, ile nyepesi ya gramu 52 kwa mita ya mraba, inasifiwa kwa sababu wino hauenei wala haupenyi upande wa pili. Anayeipinga huuliza wino unakauka lini. Ukiwa na nibu nyembamba na wino usiotiririka sana, karatasi ya kawaida ya ofisini inatosha, na unaweza kufunga daftari bila kusubiri.

Halafu zipo kauli zinazoonekana za uasi na kumbe zimeshapendwa. Lamy Safari ilitoka mwaka 1980 na sehemu yake ya kushikia imekatwa pembe tatu ili vidole vikae mahali pamoja. Kila baada ya muda mtu hubisha hodi kusema kwamba pembe zile zinamsumbua, na nusu ya wasikilizaji hujibu "hata mimi". Hapo hodi haikuwa na kazi. Kipimo changu ni rahisi: baada ya kauli, je, ukimya unaingia, au vichwa vinatikiswa kukubali? Lamy 2000 inapita kipimo hicho. Gerd A. Müller aliibuni, ikatoka mwaka 1966, na umbo lake halijabadilika sana hadi leo, kiasi kwamba wengi huiona kama mfano wa kalamu iliyokamilika. Ukisema vile vishikizo viwili vidogo vya metali vinavyoshika kifuniko vinakugusa vidole, na kwamba shingo yake inateleza mkono ukitoa jasho, mazungumzo hupoa. Ni kauli ya kweli kabisa kwa mkono fulani, na ni uongo kwa mkono mwingine, kwa hiyo mwenye kuitoa anapaswa kusema pia anashikaje kalamu. Kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Bado iko kauli moja ninayoishikilia kuliko zote: kalamu ya wino huazimwa. Inasemwa kwamba kalamu ya wino haiazimwi, kwa kuwa nibu imeshazoea mkono wa mwenyewe na mkono mgeni utaiharibu. Nusu ya kwanza ina chembe ya ukweli: kitone husagika taratibu kwa pembe ya mwandishi. Lakini aloi ile imechaguliwa kwa ugumu wake, na kusagika huko ni kwa kurasa nyingi na miaka mingi. Sahihi moja haiwezi kuibadilisha. Hatari halisi ni mbili tu, kukandamiza kwa nguvu kama mtu aliyezoea biki, na kuiangusha kichwa chini.

Juzi mama mmoja mtu mzima aliyekaa karibu nami alihitaji kujaza fomu, kalamu yake imekauka. Nikampa yangu. Akaishika nibu ikiwa imegeuka, mpasuo chini, na hakuna kilichotoka. "Mama, samahani, igeuze hivi," nikamwambia, "halafu usiikandamize, iache tu ijiendee." Akaigeuza, akaandika herufi ya kwanza kwa kusitasita, mstari ukatoka mnene na wenye unyevu, akasimama kuutazama. Kisha akaandika jina lake lote, polepole, kwa yale maandishi ya kuunganisha yaliyofundishwa kwa uangalifu zamani. Aliponirudishia aliniuliza ni wino gani. Nikamwambia ni bluu ya kawaida tu.

Usiku niliitazama nibu kwa lenzi. Meno yamelingana, kitone ni kilekile.