Kulirudisha kuba la pama kwa mvuke wa birika

Jumamosi moja mzee wa Kibosho aliingia kibandani kwangu hapa Moshi na kiroba kidogo mkononi. Nilimwamkia, akaitika, kisha akatoa kofia ya pama ya kijivu na kuiweka mezani taratibu. "Ilikaa chini ya masanduku tangu tulipohama," alisema. "Nyumbani wananiambia niitupe."

Niligeuza ndani. Kwenye ukanda wa ngozi kulikuwa na herufi za dhahabu zilizofifia, lakini Alessandria ilisomeka vizuri. Huo ni mji wa Italia ambako Giuseppe Borsalino alianzisha kiwanda chake cha kofia mwaka 1857. Upande wa nje, kuba, yaani sehemu inayofunika kichwa, lilikuwa limelala ubavu, bonde la juu limepinda kama mfereji uliozibwa na mawe, na mfinyo wa kushoto, ule wa pale mbele, umegawanyika ukawa makunyanzi matatu. Nilipapasa felti kwa kidole gumba. Ilikuwa nyembamba, laini kama sikio la ndama, haina mpasuko hata mmoja. Nilimwambia mzee asiitupe, aje kuichukua kesho yake baada ya ibada.

Alipoondoka aliniuliza kama kazi hiyo angeweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Angeweza kabisa, na wewe pia unaweza. Ndiyo sababu naandika haya, maana kila mwezi napokea pama nzuri zilizoharibiwa na watu waliokuwa na nia njema, na karibu wote walikosea mahali pamoja, pale mwanzo. Walichukua kofia yenye bonde bovu wakajaribu kuweka bonde jipya juu yake. Felti haikubali hivyo. Kuba lazima kwanza lirudi kuwa kuba, duara, tupu, halina alama, ndipo lipewe umbo lingine.

Ukielewa felti ni nini, utaelewa kwa nini. Haifumwi wala haisokotwi. Ni manyoya yaliyoshikamana yenyewe. Kila unywele wa mnyama una magamba madogo sana, na manyoya yakilowekwa maji ya moto, yakabanwa na kusuguliwa, magamba hayo hunasana mpaka hayaachani tena. Kofia bora hutengenezwa kwa manyoya laini ya sungura, na zile za bei kubwa kabisa kwa manyoya ya biva, yule mnyama wa mito ya Amerika Kaskazini anayejenga mabwawa kwa miti. Zile za bei nafuu ni za sufu ya kondoo.

Sasa mfikirie msusi saluni. Anazilowesha nywele, anazizungushia rola, anakuweka chini ya draya. Zikikauka na kupoa zikiwa kwenye rola, zinabaki na mawimbi. Ukinyeshewa na mvua njiani, mawimbi yanaondoka. Felti ni nywele, kwa hiyo inatii sheria ileile. Joto na unyevu vinalegeza umbo la zamani, kukauka na kupoa vinafunga umbo jipya. Nguvu za mikono peke yake hazifanyi lolote isipokuwa kuvunja nyuzi. Bonde ulilolikandamiza likiwa kavu litadumu siku mbili, kisha litaanza kurudi, na mahali ulipokandamiza patabaki na mstari uliodhoofika.

Wapo wanaoogopa kwamba kubadilisha bonde ni kuharibu kazi ya kiwanda. Ondoa hofu hiyo. John B. Stetson alipoanza kazi Philadelphia mwaka 1865, kofia iliyompa jina, Boss of the Plains, iliuzwa na kuba la mviringo lisilo na bonde lolote. Wachunga ng'ombe wa Marekani ndio waliozifinya wenyewe, kila mmoja alivyopenda na kila eneo kwa mtindo wake. Hata kofia ya skauti ambayo wengi wetu tumeiona shuleni, ile yenye mifinyo minne inayokutana kileleni, asili yake ni mtindo huohuo wa kulifinya kuba kwa mkono. Bonde ni la mvaaji tangu zamani.

Kabla ya kuchemsha maji, chunguza mambo machache. Kwanza, je, ni sufu au manyoya laini? Sufu ni nene zaidi, ina mikwaruzo kidogo ukiipitisha shavuni, na ukiibonyeza inarudi haraka kama godoro. Inaweza kufanyiwa kazi, ila inahitaji mvuke zaidi na ni kaidi, na usitegemee mistari mikali. Pili, pekua mikunjo ya mbele pale kofia inaposhikwa. Ukiona nyuzi zimeachana na mwanga unapenya, acha, kwa sababu mvuke hauzibi tundu. Tatu, kama una kofia ya kale sana ya ukoo, hasa iliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1940, usiiweke kwenye mvuke jikoni kwako hata kidogo. Zamani viwanda vililainisha manyoya kwa chumvi ya zebaki, na mafundi wa kofia wa Danbury, Connecticut, walipata ugonjwa wa kutetemeka mikono kwa sababu hiyo. Marekani iliacha kuitumia zebaki hiyo mwaka 1941. Mabaki yake hukaa kwenye felti kwa miaka mingi. Kofia ya namna hiyo ihifadhi, itazame, usiipashe moto.

Vifaa ni vichache: birika lenye mdomo mwembamba, jiko, brashi laini ya nguo, na taulo safi. Mikono inawe vizuri, isiwe na mafuta. Kama kofia ina vumbi, ipige brashi kwanza. Vumbi likikutana na mvuke linakuwa tope ndani ya felti, na tope hilo halitoki. Brashi ipitishe kinyume cha mwendo wa saa kuizunguka kofia, ndivyo manyoya yake yanavyolala.

Kisha fanya jambo ambalo wengi wanalisahau: geuza ule ukanda wa ngozi wa ndani utoke nje, uning'inie chini ya ukingo. Ngozi ikipata mvuke mkali inajikunyata na kukakamaa, na ikijikunyata inaivuta kofia nzima nayo. Niliwahi kuipoteza hivyo kofia ya mteja nilipokuwa mgeni wa kazi. Ilikuwa ya sentimita 58, ikawa haimwingii tena, na ngozi ilipasuka kwenye mshono wa nyuma. Niliumia sana, maana ilikuwa ya marehemu baba yake. Tangu siku hiyo, ukanda nje kwanza. Kama kuna bitana iliyoshonwa ndani ya kuba, iache palepale, ila jua kwamba itakubidi uwe na subira zaidi, kwa kuwa inazuia mvuke wa kutoka ndani.

Maji yakichemka vizuri, shika kofia kwa ukingo kwa mikono miwili, kuba likitazama chini juu ya mdomo wa birika, umbali wa kama sentimita 15 hadi 20. Izungushe. Usisimame mahali pamoja. Baada ya nusu dakika hivi geuza, mvuke uingie kwa ndani. Mvuke unaunguza kuliko maji yenyewe, kwa hiyo weka uso kando na vidole mbali na njia yake.

Utajuaje imetosha? Felti yenyewe itakwambia. Mwanzoni inakataa, ukiibonyeza inasukuma kidole chako. Halafu ghafla inakubali, inakuwa na uzito kidogo na ujoto wa mkate uliotoka kwenye tanuri, na unyevu unausikia lakini hauoni tone. Ukiona matone umepitiliza, ipumzishe. Kofia nyingine, hasa zile za mtindo wa wachunga ng'ombe, zimetiwa shelaki ili ziwe ngumu, ile ambayo seremala hupakia samani. Hizo ukizipasha zinanata kidogo vidoleni, kisha zinalegea kwa mkupuo mmoja. Usiogope.

Hapo ndipo unaliondoa bonde la zamani. Ingiza ngumi ndani ya kuba na usukume juu, taratibu, kutoka katikati kuelekea pembeni, mkono wa pili ukilipokea kwa nje. Bonde litaruka na kuba litasimama. Mistari itabaki, hilo ni kawaida. Rudisha mistari hiyo kwenye mvuke, kisha ipapase kwa kiganja, ukifuata mduara. Usitumie kucha. Mara ya tatu au ya nne mstari utaanza kufa. Pama ya mzee wa Kibosho ilinichukua raundi sita, na yale makunyanzi matatu ya kushoto nilikuwa nayasikia kwa ncha za vidole hata baada ya macho kuacha kuyaona. Niliendelea mpaka vidole navyo viliponyamaza.

Hatua hii usiiharakishe. Ikikuchukua jioni nzima, sawa. Unaweza hata kuishia hapo, ukaiacha ikauke na kuba lake tupu, ukamalizia kesho.

Kuweka bonde jipya ni rahisi zaidi kuliko wanavyodhani watu. Pasha tena. Weka kofia mezani mbele yako, mbele yake ikitazama kulia kwako ili uuone ubavu wake. Kwa bonde la katikati, shusha ubavu wa kiganja juu ya kuba kutoka mbele kwenda nyuma, kama unayekata keki, ila kwa uzito mdogo. Kuba lenye kimo cha sentimita 14 likishabondwa na kufinywa hubaki na kama 11 na nusu kwa mbele, na kipimo hicho humpendeza karibu kila uso. Mwenye uso mfupi apunguze kidogo, mrefu asipunguze.

Mimi mwenyewe napenda umbo la tone, na ndilo nililomfanyia mzee. Badala ya mfereji ulionyooka, unasukuma bonde liwe la mviringo kwa nyuma na kuchongoka kwa mbele. Anza kwa kubonyeza katikati na sehemu ya nyuma kwa vifundo vya vidole, kisha pandisha kingo zake kutoka ndani kwa mkono mwingine. Lina faida: linasimama imara zaidi, na mvaaji mwenye kichwa kirefu kwenda juu halimgusi utosini.

Mifinyo ya mbele inakuja mwisho. Kidole gumba upande mmoja, shahada na kidole cha kati upande wa pili, bana kwa pamoja, pande zote mbili kwa kimo kimoja. Hapo usiachie. Shikilia mpaka felti ipoe vidoleni mwako, hesabu dakika nzima. Ukiachia ikiwa ya moto, itajifungua. Simama mbele ya kioo, ivae, tazama kwa mbele na kwa ubavu. Mfinyo mmoja ukiwa juu zaidi, pasha upande huo tu urekebishe.

Ikauke yenyewe kivulini, mahali penye hewa, usiku kucha. Jua la mchana na draya vinaikausha kwa nje huku ndani ikiwa bado mbichi, na inakakamaa vibaya. Igeuze, ilale kwa kuba lake juu ya taulo lililokunjwa kuizunguka, ili ukingo usibebe uzito. Ukanda wa ngozi urudishe ndani ikishakauka kabisa.

Mzee alikuja Jumapili akiwa na suti ya kanisani. Aliitazama bila kusema kitu, akapitisha kidole kwenye utepe, kisha akanyoosha mkono akaishika palepale mbele, kwenye mifinyo, kwa vidole vitatu, kama alivyozoea miaka yote.

"Samahani mzee wangu," nikamwambia. "Hapo ndipo pama zote zinapopasukia."

Akairudisha mezani. Akaishika upya kwa ukingo, mkono mmoja mbele, mwingine nyuma, akaipandisha kichwani, akatoka nayo kuelekea stendi.