Kobe Nyota: Gamba Linaeleza Alivyolelewa

Kobe nyota anapoanguliwa hana nyota. Ana urefu wa sentimita nne hivi, na mgongoni ana mabaka machache tu ya njano juu ya weusi. Miale iliyompa jina hujichora kadiri anavyokua: kila kigamba huongeza ukanda mpya wa keratini (dutu ngumu kama ya kucha) kwenye kingo zake, na rangi husonga nje pamoja nao. Kwa hiyo sisi tunaotibu reptilia hulitazama gamba kabla mwenye mnyama hajamaliza kueleza kilichomleta. Vigamba vya kobe havipukutiki vikaota vingine vipya. Utoto mbaya utauona mgongoni hata akiwa na miaka ishirini.

Asili yake ni India, Pakistani na Sri Lanka, kwenye vichaka na nyasi za maeneo makavu. Neno hilo “makavu” ndilo linalowaponza wengi. Maeneo hayo hupata mvua za monsuni, na huo ndio msimu ambao kobe huyu hutembea, hula kwa wingi na kutafuta mwenzi. Jua likichoma hujificha chini ya majani, ambako hewa ina unyevu. Mfugaji anayemweka mtoto wa kobe kwenye sanduku lenye mchanga mkavu na taa ya joto juu yake mchana kutwa hamrudishi nyumbani kwao. Anamkausha.

Matokeo huonekana kwenye vigamba, ambavyo badala ya kutanuka huinuka na kuwa vichuguu vyenye mabonde kati yake. Kwa miaka mingi lawama ilitupiwa protini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003, uliofanywa kwa kobe sulcata wa Afrika, ulionyesha kwamba ukavu wa hewa ndio uliochangia zaidi, na protini kidogo tu. Ugumu kwa kobe nyota ni kwamba hata wa porini huwa na vinundu kidogo, tena ni sehemu ya uzuri wake. Cha kutazama ni ulinganifu: vinundu vya asili huinuka taratibu na kufanana kushoto na kulia, na gamba zima huwa gumu. Vikipanda ghafla au vikipishana, au gamba likibonyea chini ya kidole kwa kobe aliyekwisha kutimiza mwaka, kuna tatizo.

Lakini unyevu bila joto ni hatari kuliko ukavu. Kobe hana kiwambo cha kifua kama chetu na hawezi kukohoa makohozi yakatoka, hivyo mafua madogo hugeuka nimonia upesi. Mchana apate nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, na sehemu moja ya kuotea joto yenye 32 hadi 35, huku kukiwa na kivuli cha kukimbilia. Mapovu puani, au shingo iliyonyooshwa mdomo ukiwa wazi, si jambo la kusubiri mpaka wiki ijayo. Na asilazwe kwenye baridi “apumzike” kama wanavyofanyiwa baadhi ya kobe wa Ulaya, kwani spishi hii haina usingizi wa majira ya baridi.

Chakula chake ni nyasi, magugu na majani yenye nyuzinyuzi nyingi, ambayo kalisi yake inazidi fosforasi walau mara mbili. Matunda yawe kwa nadra sana, na chakula cha mbwa kisimfikie kabisa. Hata hivyo kalisi peke yake haijengi mfupa bila vitamini D3, ambayo mwili huitengeneza kwa miale ya urujuanimno. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halina faida hiyo, na taa maalumu huishiwa miale hiyo zamani kabla ya kuacha kuwaka. Nimeona taa nyingi za namna hiyo: zinang’aa vizuri, na kobe aliye chini yake ana gamba laini.

Wapo wanaojivunia kwamba kobe wao amekua haraka. Mimi jambo hilo hunitia wasiwasi. Mpime uzito kwa mizani ya gramu kila wiki na uandike. Mstari unaopanda polepole bila kuruka ndio tunaoutaka. Usihesabu pete za vigamba ili kujua umri, kwa kuwa chakula kikiwa tele pete kadhaa hutokea ndani ya mwaka mmoja. Wala usihukumu kwa ukubwa peke yake: jike huweza kupita sentimita 25, ilhali madume wengi huishia chini ya 20. Mkia mrefu na mnene ni wa dume.

Mtoto mdogo aogeshwe kwenye maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu, mara kadhaa kwa wiki, ili asipate mawe kwenye kibofu. Gamba lisipakwe mafuta wala rangi. Chini yake ni mfupa wenye mishipa ya fahamu. Na kila anayemgusa anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu kobe mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu.

Kuhusu kumpata, mwaka 2019 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilimhamishia Kiambatisho cha I, maana yake biashara ya kimataifa ya kobe wa porini imepigwa marufuku. Watafiti walikadiria kwamba kituo kimoja tu cha biashara nchini India kilipitisha kobe wasiopungua 55,000 kwa mwaka. Muuzaji asiye na nyaraka halali za mnyama aliyezaliwa kwenye ufugaji, achana naye. Na anayeshindwa kumtunza amkabidhi kwa mamlaka ya wanyamapori au kituo cha uokoaji, asimwachie porini, hata kama ni India kwenyewe: makundi ya huko yanatofautiana kinasaba, na kobe aliyeishi na wengine kizuizini anaweza kuwapelekea magonjwa wasiyowahi kukutana nayo.