Nani kasema shujaa lazima awe mtu mwema?

Dhana potofu: Shujaa wa visasili ni mfano wa tabia njema.

Hii imeenea kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na masimulizi yenyewe. Kwa Wagiriki wa kale, shujaa alikuwa marehemu mwenye nguvu, mtu aliyetambikiwa kaburini kwa sababu aliogopwa hata baada ya kufa. Pausanias, msafiri na mwandishi wa Kigiriki wa kale, anasimulia habari za Kleomedes wa kisiwa cha Astypalaia, bondia aliyemuua mpinzani wake ulingoni Olympia, akanyang'anywa ushindi. Akarudi kwao akiwa amerukwa na akili, akaingia shuleni, akaangusha nguzo iliyobeba paa. Ndani mlikuwa na watoto wapatao 60. Wenyeji walipomrushia mawe alikimbilia hekalu la Athena, akajifungia ndani ya sanduku. Walipolivunja hawakukuta mtu, si hai si maiti. Wakatuma wajumbe Delphi, mahali pa kuagulia kwa mungu Apollo, kuuliza, wakajibiwa kwamba Kleomedes ndiye shujaa wa mwisho, wamtolee sadaka.

Hapo hakuna aliyemsifu kwa wema. Herakles naye aliwaua wanawe mwenyewe kwa wazimu, na Achilles alisusa vita vya Troya kwa kunyang'anywa mwanamke mateka wake huku wenzake wakiteketea. Kwa maoni yangu, kinachomfanya mtu shujaa katika masimulizi haya ni kupita kiasi, iwe kwa nguvu au kwa hasira. Jamii inamhitaji, ila kuishi naye ni shida.

Dhana potofu: Mashujaa wote hufuata safari moja: kuitwa, kujaribiwa, kurudi na ushindi.

Ramani hiyo haikuachwa na wahenga. Ni ya Joseph Campbell, mwandishi Mmarekani wa visasili, aliyeichapisha mwaka 1949 ikiwa na hatua 17. Mwaka 1936 Lord Raglan, mtafiti Mwingereza wa visasili, alikuwa ameshatoa orodha yake ya sifa 22, na shujaa wake haishii kwenye ushindi: hupoteza kiti cha ufalme, akafa kifo cha ajabu, mara nyingi juu ya kilima. Vladimir Propp, mtafiti Mrusi wa ngano, mwaka 1928, alipata matukio 31, lakini alichunguza ngano za Kirusi za maajabu tu na hakudai zaidi ya hapo. Kama kanuni ingekuwa moja, watatu hawa wasingetofautiana hivyo. Ukitafuta yanayofanana tu, utayapata. Achilles, kwa mfano, harudi nyumbani kamwe.

Dhana potofu: Shujaa hushinda mwishoni.

Gilgamesh, mfalme wa Uruk katika utenzi wa kale wa Mesopotamia, aliupata mmea wa kurudisha ujana, akaenda kuoga, nyoka akauiba. Alirudi Uruk mikono mitupu. Fumo Liyongo alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe wa kumzaa, akafa akiwa amepiga goti karibu na kisima, mshale u tayari kwenye upinde. Watu walidhani yu hai, wakaogopa kuteka maji.

Dhana potofu: Safari ya kishujaa ni ya wanaume.

Campbell mwenyewe, anayelaumiwa sana kwa hili, alimtumia Inanna, mungu wa kike wa Sumeri ya kale, kama mfano. Inanna anashuka kuzimu kupitia milango saba, kila mlango anavuliwa kitu, hadi anafika uchi na kuuawa. Akifufuliwa, haachiliwi bure: lazima mtu mwingine ashuke badala yake. Anamtoa mumewe, Dumuzi, aliyemkuta amekaa kwenye kiti cha enzi bila hata kumwombolezea.