"Ukubwa halisi" wa faili, neno lisilopaswa kuwepo hapo

Kuna vijana tunashirikiana nao hapa Mwanakwerekwe kuandika maelezo ya komandi za Linux (amri unazoiandikia kompyuta yenye mfumo huo) kwa Kiswahili, watoto wa skuli wasome kwa lugha yao. Juzi mmoja kaniletea ukurasa wa du, kazi nzuri kweli, lakini kwenye opsheni, yaani nyongeza ya kuibadilisha komandi, ya --apparent-size kaandika "onesha ukubwa halisi wa faili". Hii mara ya nne au ya tano naiona hivyo kwa watu tofauti, nikaona bora niieleze moja kwa moja.

du ni komandi inayokwambia faili au foda imekula nafasi kiasi gani kwenye diski. Herufi hizo mbili ni ufupisho wa Kiingereza wa matumizi ya diski, na ipo tangu Unix ya mwanzo ya 1971. Ukitia -s unapata jumla peke yake, -h inaandika kwa K na M na G (kilobaiti, megabaiti, gigabaiti) ili isomeke vyepesi, -d 1 inaorodhesha ngazi moja tu ya kwenda chini, -x inaizuia isivuke kwenda diski nyengine. Hizo hazina taabu.

Taabu ni kwamba kila faili ina namba mbili na watu wanadhani ina moja. Chukulia kabati la jikoni lenye makopo ya saizi moja, bibi anatia iliki kopo lake, mdalasini kopo lake, hachanganyi, sasa hata ziwe punje tatu za iliki zimeshachukua kopo zima na hapo pahala pa kopo jengine hapapo tena. Diski nayo inagawa nafasi kwa vipande vya saizi moja, mara nyingi baiti 4096, kwa hiyo faili yenye herufi moja tu du -h itakwambia 4.0K. Ukiangalia kwa ls -l, komandi ya kuorodhesha faili, utaona baiti 1. ls inasoma kilichoandikwa kwenye karatasi ya kopo, du inahesabu makopo. Na kinyume chake kipo vilevile: andika truncate -s 1G tupu.img, inayoipa faili ukubwa wa 1G bila ya kutia kitu ndani, ls -lh itasema 1.0G na du -h itasema 0, maana karatasi imeandikwa lakini kopo halijawekwa hata moja.

Sasa --apparent-size inaiambia du iache kuhesabu makopo, isome karatasi. Vipi hiyo ikaitwa halisi?

Halisi tumelitoa kwenye Kiarabu khalis, kitu safi kisichochanganywa, ndiyo maana tunasema asali halisi, na ikhlasi imetoka shina hilohilo. Neno la Kiingereza hapo linasema kinachoonekana, na sisi neno lake tunalo tangu chuo cha Kurani: dhahiri. Dhahiri na batini, cha nje na cha ndani, tulifundishwa yote mawili pamoja. Hata adhuhuri ni shina moja na dhahiri. Najua siku hizi mtu akisema "ni dhahiri" anakusudia "ni hakika", na kijana wangu alinijibu hivyohivyo, kwamba wasomaji wataelewa dhahiri ndiyo ya kweli. Hoja yake ina uzito, lakini dawa yake siyo kutia neno lenye kosa kubwa zaidi, andika "ukubwa unaoonekana" na jambo limekwisha.

Siyo kwamba nagombania neno tu. Jamaa yangu wa Wete ana kifaa cha kupima mvua kinachoandika faili mpya kila baada ya muda, zimefika kama elfu kumi, kila moja baiti mia hivi. Kapima kwa --apparent-size kapata kama megabaiti moja, na alikuwa kasoma kuwa hiyo ndiyo halisi, basi kachukua fleshi iliyobakiwa na megabaiti 200 akaanza kukopi, ikajaa kabla hazijamalizika. Fleshi ile ilikuwa inagawa vipande vya kilobaiti 32, kwa hiyo faili elfu kumi zinataka zaidi ya megabaiti 300. Kaihangaikia usiku mzima akidhani fleshi mbovu.

Halafu msinielewe kwamba hesabu ya makopo ndiyo tuiite halisi. Zote mbili za kweli, kila moja inajibu suala lake. Ukitaka kumtumia mtu faili kwa mtandao, bando litaliwa kwa ule ukubwa unaoonekana. Ukitaka kujua diski imejaa kwa nini, ni nafasi iliyokaliwa. Ukiipa moja jina la halisi umeshaifanya ya pili ya uongo.

Kwa hiyo mdogo wangu, mstari wako ningeomba uusome hivi: "--apparent-size: onesha ukubwa unaoonekana wa faili, badala ya nafasi iliyokaliwa na faili kwenye diski." Mengine yaache kama yalivyo, na hayo maelezo yako ya -x ni mepesi kuliko yote niliyowahi kuyasoma.